Sakafu ya Majivu

Mpaka leo nikisikia mchi unatwanga mahali kwa mbali, asubuhi kabla jua halijawa kali, huacha ninachokifanya. Mke wangu hucheka. Anajua nimekwenda wapi. Nimekwenda Nambilanje, nimesimama nje ya ua wa nyasi na baiskeli yangu, nasikiliza sakafu.

Sakafu yenyewe ilikuwa ndogo, ya uani, haikufika hata ukubwa wa chumba cha kulala. Niliimwaga mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati saruji ilikuwa kitu cha kuota. Nasema cha kuota na sitanii. Niliwahi kuota mifuko ya saruji imepangwa chumbani kwangu mpaka darini, nikaamka na furaha yangu, nikapapasa ukuta mtupu. Nilikuwa fundi sanifu, kijana wa Kondoa, nimepangiwa kazi ya ujenzi Nachingwea, na ujenzi usio na saruji ni kama jiko lisilo na moto. Tulifika kazini, tukafagia stoo, tukarudi nyumbani.

Nachingwea sikuipenda mwanzoni, niseme ukweli. Mimi si mtu wa kukaa bure, na kukaa bure kulinifanya mkali. Jioni nilikuwa nikitembea peke yangu kwenye mabaki ya mashamba ya karanga ya wakoloni. Kulikuwa na sakafu zisizo na nyumba. Unatembea porini, majani yanakufikia kifuani, mara unakanyaga sebule ya mtu. Mkorosho umeota katikati ya chumba, umeinua zege kwa bega lake, na vipande vimelala huku na huku. Nilikuwa nakaa pale mpaka mwanga wa jioni unakuwa mwekundu kama udongo wenyewe, na sikuweza kusema mwisho wa ardhi uko wapi na mwanzo wa hewa uko wapi. Niliviangalia vile vipande nikawaza jinsi kitu kigumu namna ile kinavyokubali kuvunjika.

Huyu anayenicheka sasa nilimkuta kwa sababu ya sakafu nyingine. Nilitumwa kijiji cha Nambilanje kukagua sakafu ya darasa iliyopasuka. Alikuwa mwalimu wa madarasa ya chini, mmoja wa wale waliochukuliwa baada ya darasa la saba wakajifunza ualimu huku wanafundisha. Nilipima nyufa, nikagonga hapa na pale, nikaandika. Akaniuliza nitaitengeneza lini. Nikamwambia nimekuja kuiangalia tu.

"Kuiangalia hata mimi naiangalia kila siku," akasema, akarudi ubaoni.

Nilipanda baiskeli kurudi Ruangwa, mji wa njiani kwenda Nachingwea, nimeudhika sana, na nilipofika nusu ya njia nikagundua kuwa natabasamu. Nikajua nimekwisha.

Kwa Wamwera wa kule, baba huzaa lakini mjomba ndiye mwenye neno. Baba yake alikuwa amefariki zamani. Mama yake alikuwa na binti huyo mmoja tu. Kwa hiyo nilipeleka posa kwa mjomba, mzee mpole mwenye mashamba ya ufuta, akanipokea vizuri na kuniuliza habari za Kondoa kama anayeuliza habari za mwezini. Tulikuwa wa dini moja, hilo lilimpendeza. Kisha akaniambia jambo ambalo nililisikia bila kulielewa.

"Kwetu mwanamume huja kujenga," alisema. "Haji kuchukua."

Nikasema nitajenga. Mtu aliyependa husema ndiyo kabla swali halijaisha.

Jibu la mama lilikuja kwa kinywa cha mjomba, kwa sababu mkwe hasemeshwi. Nikiingia uani yeye aliingia ndani. Akija njiani mimi niliingia majanini. Miezi yote ile nilimjua kwa kisigino chake, kwa mgongo wake na kwa kikohozi chake. Na alichotaka hakikuwa khanga wala blanketi. Alitaka sakafu ya kutwangia. Alikuwa amechoka kula ugali wa makopa, ile mihogo mikavu, wenye mchanga, na kinu chake kilikuwa kinazama ardhini kila msimu. Nimwagie sakafu, kinu kiwekwe juu yake, wanawake watwange. Ikistahimili, ndoa ifungwe. Ikivunjika, nirudi kwetu.

Majirani walicheka chini chini. Mfanyabiashara mmoja pale Ruangwa alikuwa amewahi kuwamwagia wakeze sakafu ya saruji safi, ya kuringia, inayong'aa. Msimu mmoja tu wa kutwanga, ikapasuka vipande vipande kama chungu, wanawake wakarudi kwenye udongo. Kila mtu aliijua habari hiyo. Wengi walisema mama wa watu amepata njia ya heshima ya kunikatalia, na mimi mwenyewe, nikilala, niliamini hivyo.

Saruji nilipata kwa kibali, mfuko mmoja, baada ya kungoja mpaka nikasahau nilikuwa nangoja nini. Mfuko mmoja haukutosha. Hapo ndipo nilipomkumbuka mwalimu wetu wa chuoni, aliyekuwa akituambia kwamba maganda ya mpunga yakichomwa polepole, yasifanye moto mkali wala yasibaki meusi, majivu yake yakichanganywa na chokaa huweza kushika nafasi ya sehemu ya saruji. Darasani tulisinzia. Pale Nachingwea niliamka.

Nyuma ya mashine ya kukoboa kulikuwa na kilima cha maganda ambacho hakuna aliyekitaka. Nilikichoma Jumapili nzima. Hakikuwaka kwa ndimi. Kiliwaka kwa ndani, chekundu tumboni, cheupe usoni, na moshi wake ulitambaa chini kama umechoka. Mchumba wangu alikuwa amekuja Nachingwea kwenye semina ya walimu, akapita kuniona. Majivu yalikuwa yakishuka toka angani, laini, hayana uzito, yakitua kwenye mikorosho, kwenye baiskeli, kwenye nywele zangu na kope zangu. Akasimama mbali akiniangalia kwa muda mrefu. Nikamuuliza anaangalia nini.

"Nimeona utakavyozeeka," akasema.

Sasa nywele zangu ni zile zile za siku ile, na hakuna moto wowote karibu.

Majivu nilipeleka Nambilanje kwa lori lililokwenda kuchukua korosho. Chokaa ilitoka Lindi. Kokoto nilizipata kule porini, kwenye sebule za wakoloni. Nilivunja zege lao kwa nyundo na kulipatia kazi mpya. Na katani nilichambua kutoka kwenye magunia ya korosho yaliyochakaa, nikaikata vipande virefu kama kidole, mkono mzima ukawa unawasha. Wanawake waliyatwanga majivu yangu katika kinu kibovu mpaka yakawa laini kuliko unga. Walinitania kwamba mtu wa bara anapika ugali wa majivu, na mboga yake itakuwa kamba.

Ile kamba ndiyo niliyoitegemea. Saruji tupu ni ngumu, sikatai, lakini ni ngumu kama mtu mwenye kiburi: inasimama, inasimama, halafu inaachana yote siku moja. Mimi nilitaka zege linaloweza kuumia lisiachane. Watu wa kule huchanganya nyasi kwenye udongo wa ukuta kwa sababu hiyo hiyo, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Tuliimwaga mimi na mjomba, siku ya mawingu, mwezi wa mavuno umekwisha. Ilikuwa ya kijivu cheusi, ina manyoya ya katani yanayochungulia, haina uzuri wowote. Tulishindilia mpaka maji yakatoka juu. Nikamwagiza mchumba wangu awaambie waifunike kwa magunia, waimwagilie asubuhi na jioni, na baada ya juma moja nitakuja tuijaribu. Juma moja ndilo lililokuwa desturi yetu kwa saruji. Kwa majivu sikuwa na hakika, maana sikuwahi kufanya, lakini nilikuwa na haraka.

Haraka ikaongezeka. Niliporudi Nachingwea nilikuta barua ya uhamisho: niripoti Mpwapwa kabla ya mvua. Nilikaa nayo barazani, jua likinichoma magoti. Kama ndoa haijafungwa kabla sijaondoka, basi ndiyo imekwisha. Mtu wa kuja akishaondoka hubaki hadithi, na binti ataolewa na mtu wa jirani anayeweza kujenga na kukaa. Nikampelekea mchumba wangu habari hiyo, na yeye, kama ilivyopasa, akamwambia mama yake.

Juma lilipokwisha nikaenda. Uani nilikuta ua mpya wa nyasi umezungushwa, mrefu kuliko mimi, na mlangoni ameketi bibi mmoja anachambua mboga. Nilimwamkia, nikataka kupita. Akaninyooshea kisu chake cha mboga, bila hasira yoyote.

Mchumba wangu akaja kunieleza, amejizuia kucheka. Mama alikuwa amesema sakafu ile ni mwali. Imefunikwa, haipigwi jua, haikanyagwi, inaogeshwa kila siku. Basi ni nini kama si mwali? Na mwali aliyewekwa ndani haonwi na mwanamume, wala hatoki peke yake. Kulikuwa na wasichana wa kijiji waliokuwa wamewekwa ndani msimu ule. Sakafu ingetoka nao.

Nikauliza wasichana watatoka lini. Akasema watatoka watakapotolewa.

Nilikasirika, jamani. Nilisema zege si binti wa mtu. Nilisema nina barua ya serikali. Mjomba akaniambia haraka haraka haina baraka, na mimi nikamjibu kimoyomoyo kwamba methali hiyo ilitungwa na mtu asiye na uhamisho. Nikapeleka neno kwa mama, kwa heshima zote, kwamba juma limekwisha na sakafu iko tayari. Neno likarudi: anayeharakisha mwali na amlee yeye.

Basi kila Jumamosi nikawa nakwenda, na kila Jumapili narudi. Njia ya kutoka Ruangwa ilikuwa ya mchanga, inaivuta baiskeli chini. Mashamba yalikuwa yameshavunwa, mabua ya ufuta yamesimamishwa vikundi vikundi kama watu wanaoongea, na upepo wa kiangazi ulikuwa una joto na harufu ya majani yaliyochomwa. Siku nyingine niliendesha bila kujua nimefikaje. Nililala kwa mjomba, chumba kilichotazamana na ule ua.

Na hapo, kila alfajiri, katikati ya usingizi, nilisikia maji. Kisima kilikuwa mbali, na kiangazi kile kilikuwa kimekikausha karibu chote. Wanawake walikuwa wakitoka na nyota na kungoja maji yajikusanye tone kwa tone. Walikuwa wakirudi bila kuzungumza, miguu yao ikisugua mchanga. Kila mmoja alipopita mlangoni pa ua alisimama, nikasikia kata inamiminwa juu ya magunia, sauti ndogo, kama mtu anapumua. Halafu mwingine. Halafu mwingine. Mwisho kabisa ilikuwa sauti ndefu, mtungi mzima, na baada yake kikohozi nilichokijua.

Sikuelewa. Nililala nikisikiliza mama mkwe wangu akimwaga maji ya kunywa juu ya sakafu yangu, nikadhani ananikomoa.

Wasichana walitolewa siku ambayo upepo ulikuwa umetulia na mawingu ya kwanza yamekaa mbali upande wa pwani. Ngoma zilianza alfajiri. Wanaume tulikaa nje. Niliwaona wale wasichana kwa mbali, wamepakwa mafuta, wameinamisha macho, nguo mpya. Wanatembea polepole kama wanaamshwa. Kisha wanawake wakaingia kwenye ule ua kumtoa mwali wa mwisho. Nikasikia magunia yanavutwa. Nikasikia vigelegele. Mchumba wangu akatoka mbio kuniambia kwamba wameiosha na sasa wanaipaka mafuta ya ufuta. Hakuna kitabu chochote cha ujenzi kinachosema hivyo, na nilishika usukani wa baiskeli yangu nikatulia.

Kinu kikawekwa. Nilikisikia kikitua.

Alianza yeye mwenyewe, mama. Mchi mmoja, pigo zito, zito, lisilo na haraka. Sakafu ilijibu kwa sauti nene, ya chini, si ule mlio mkavu wa saruji. Akaingia wa pili. Akaingia wa tatu, na michi mitatu ikapokezana ndani ya kinu kimoja, na mtu mmoja akaanza kuimba, na mimi nikiwa nje ya ua nikahisi ardhi inatetemeka chini ya viatu vyangu. Sijui ilichukua muda gani. Jua lilipanda. Makopa yaliletwa, yakaisha, yakaletwa mengine. Niliona utoto wangu, niliona Kondoa, nilimwona mchumba wangu amezeeka, yote kwa mpigo ule ule. Moyo wangu ulikuwa umeshaacha kupiga kivyake, unafuata michi.

Halafu kukatokea mlio. Tak. Mdogo tu, kama kijiti kinachokanyagwa.

Michi yote ikanyamaza, na wimbo ukanyamaza. Nilifumba macho. Niliona ile barua, niliona lori la kwenda Mpwapwa, nikajiona nimekaa peke yangu juu ya mizigo. Nilikuwa na hofu kama sijawahi kuwa nayo tena maishani, hata siku watoto wangu walipozaliwa. Mle ndani nikasikia mtu anasogeza kinu, anachuchumaa, anapitisha kiganja juu ya sakafu, polepole, kutoka upande mmoja mpaka upande mwingine. Akakohoa.

Na mchi ukaanza tena. Mmoja, wake yeye, pale pale. Alitwanga mpaka alipomaliza kile alichokuwa akitwanga.

Mchumba wangu alitoka ana unga mikononi na machozi usoni, nisijue ni machozi ya lipi. Alinipa maneno ya mama yake kama alivyopewa.

"Amesema imepasuka lakini haikuachana," akaniambia. "Amesema uje ule."

Tulifunga ndoa juma lile. Ufa wenyewe nilionyeshwa baadaye: mwembamba kama unywele, umetoka kwenye kinu umekwenda pembeni, na ukiinama uliona nyuzi za katani zimeshika upande huu na upande ule. Kisha mvua ikakaribia, tukapanda lori la mizigo, mimi na mke wangu na kasha lake la nguo. Mjomba alitushika mikono. Mama hakutoka nje. Desturi haikumruhusu kuniaga mimi, na yeye na binti yake walikuwa wameshaagana ndani. Lori lilipoanza kuondoka nilisikia mchi unatwanga nyuma ya ua, na vumbi lilipotufunika bado nilikuwa nausikia, au nadhani nilikuwa nausikia.

Hatukurudi mpaka miaka ile ya themanini ilipokuwa inaisha. Tulikuwa na watoto, na watoto hawajui mkwe ni nini; walimvuta bibi yao kwa khanga mpaka pale nilipokaa, na desturi ikaona aibu ikatuachia njia. Ndivyo nilivyouona uso wake vizuri kwa mara ya kwanza. Ulikuwa uso wa mke wangu, umechoka. Sakafu ilikuwa ipo. Ilikuwa na nyufa nyingi sasa, nyembamba, zinakwenda kila upande kama mistari ya kiganja, na hakuna hata kipande kimoja kilichotoka. Kinu kilikuwa pale pale.

Asubuhi moja alikuja akaketi upande wa pili wa sakafu, miguu ameinyoosha. Kiswahili chake kilikuwa cha kupimapima, neno kwa neno.

"Fundi," alisema. Hajawahi kuniita vingine. "Hii mimi niliichelewesha makusudi. Wasichana walikuwa tayari zamani. Nilijua siku ikitoka hii, na mwanangu anatoka. Nikasema, ngoja iloe kwanza. Kesho tena nikasema, ngoja iloe."

Nikamjibu nilichokijua. Nilimwambia kwamba majivu si kama saruji, hayana haraka, yanataka maji kwa muda mrefu ndipo yashikane. Juma moja nililolisema mimi lisingetosha kabisa. Kama angeitoa nilipotaka, ingevunjika kabla makopa ya kwanza hayajalainika, nami ningeondoka peke yangu.

"Maji yako ndiyo yaliyoikaza, mama," nikamwambia.

Aliiangalia sakafu. Aliipapasa kwa kiganja, vile vile kama nilivyosikia siku ile kupitia nyasi, kutoka upande mmoja mpaka upande mwingine.

"Kumbe," alisema, "mzigo wa mwanangu nilimfungia mwenyewe."

Akacheka kidogo, na kicheko kikageuka kikohozi. Kisha akamwita binti yake alete mchi wa pili, maana jua lilikuwa linapanda na watoto walikuwa hawajala. Nami nikainuka nikatoka nje ya ua, mahali pangu pa zamani, nikasimama pale nikiwasikiliza wakitwanga.